Steringi wa Baba Hafi

Jumatatu, 3 Juni

Kofia, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, cherehani yangu nzima, na paa limeacha kuvuja upande wa sebule, sasa linavuja jikoni. Baba naye mzima, ila ameanza vituko.

Juzi alikuja dukani wakati nampima mteja kiuno. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akatangaza kwamba Jumamosi na Jumapili ya wiki ijayo nifunge duka. "Nina kazi na wewe," akasema. Nikadhani mgonjwa. Kumbe anataka tukae ndani siku mbili nzima, tusifanye lolote la maana, tuangalie sinema zake za kauboi kama zamani. Mteja alicheka mpaka futi ikanitoka mkononi.

Kusema kweli nimefurahi. Tangu nifungue duka hili nimesahau Jumamosi ya kujilaza kwenye kochi inafananaje. Diski anazo: ile ya ndugu watatu wenye masharubu, ile ya sherifu mlevi, ile ya treni. Lakini ile ya farasi wa kijivu hatuna, na ndiyo anayoitaka kuliko zote. Unaikumbuka? Tuliiangalia utotoni kupitia tundu la chumba cha mashine kwenye ukumbi wa sinema, Baba anaendesha, wewe umekalia makopo ya mikanda na kofia yake imekufunika mpaka puani. "Mwambie Kofia," amesema, "huko kambini hakosi mtu anayeijua."

Na anataka uje. Hajasema, unamjua alivyo. Amesema tu kwamba kochi lina nafasi ya watu watatu. Nimelipima: lina nafasi ya wawili na nusu.

Macho yake anasema hayana neno, ni ukungu kidogo wa asubuhi. Mimi namwamini, maana sinema anazifuata kunishinda. Mtu hajatoa bastola, yeye ameshacheka.

Dada yako,
Sherifu

*

Ijumaa, 7 Juni

Dada Sherifu, shikamoo.

Barua yako imefika na lori la saruji, dereva ameikalia njia nzima ikawa na joto kama mkate. Mtandao hapa bado ni ule wa kupanda juu ya kilima cha kokoto, na ukiwa juu ya kilima meneja anakuona. Kwa hiyo tuendelee kuandikiana, Baba mwenyewe anasema simu inakatika lakini barua inabaki.

Kuhusu kuja, ruhusa haipatikani. Tunaunga tangi la tatu la maji, wachomeleaji tuko wawili, na mwenzangu mgongo umemkamata. Mwambie Baba asininunie.

Lakini habari njema ninayo. Mpishi wetu hapa ni mgonjwa wa kauboi. Nilipomweleza tu, farasi wa kijivu, mtu mwenye kovu shavuni, kisima kilichokauka, aliacha mwiko kwenye sufuria akasema, "Ninayo!" Ameniwekea kwenye flashi, nimeifunga ndani ya kiberiti, ndicho hicho anachokuletea dereva. Mpishi anaapa kwamba ni nzima, haijakatwa popote. Mimi sijaiangalia, jenereta ya hapa inawaka kwa ajili ya mashine, si kwa starehe zetu.

Unaukumbuka mwisho wake? Sisi mwisho tulikuwa tunasimuliwa. Steringi, yule mwenye farasi wa kijivu, anapanda kilima na risasi begani, picha inakwisha, taa zinawaka, watu wanashangilia. Baba alisema kipande cha mwisho kiliungua kwenye taa ya mashine. Basi wakati anarudisha mkanda anatumalizia kwa mdomo: kaufikia mlango wake, kamfunga farasi, kanawa mikono, kakuta chakula kimefunikwa mezani. Mimi nilikuwa nauliza, "Chakula gani?" Na kila Jumamosi kilikuwa kingine. Ajabu ni kwamba kilikuwa kile kile ninachokitamani siku hiyo.

Angalieni kwa niaba yangu. Nafasi yangu ile nusu mpe paka.

Mdogo wako,
Kofia

*

Jumatano, 12 Juni

Kwa mwanangu Kofia,

Anayeandika ni dada yako, mimi naongea. Mkono wangu una uvivu siku hizi.

Flashi imefika. Nimeishika, nikacheka peke yangu. Zamani sinema moja ilikuja kwa makopo matano, na kopo moja lilitaka mwanamume aliyeshiba. Leo sinema nzima inasafiri ndani ya kiberiti. Nakushukuru sana, na huyo mpishi mwambie namwombea mikono isiungue.

Usidhani nimenuna. Kazi ni kazi. Ila unapochomelea funika macho yako, hilo ndilo nakuomba. Macho ndiyo yaliyoilisha nyumba hii. Nilikaa kwenye chumba cha mashine miaka kumi na minane, na picha ikipotea hata sekunde mbili, ukumbi mzima unanipigia miluzi: "Fundi, picha!" Mpaka leo mtu akipiga mluzi barabarani, mkono wangu unatafuta swichi.

Dada yako ananiambia niseme habari ya macho yangu. Andika: mazima. Andika hivyo hivyo nilivyosema.

(Nimeandika hivyo hivyo. Sherifu.)

Baba yako,
Fundi

*

Jumatatu, 17 Juni

Kofia,

Kaa chini kwanza. Kama uko juu ya tangi, shuka.

Jumamosi ilianza vizuri mno. Nilishinda na gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, duka limefungwa na dhamiri haikunisuta hata kidogo. Tulivuta pazia, tukateremsha godoro sebuleni. Baba alioga, akanyoa ndevu, akavaa kofia kana kwamba anakwenda kazini. Tukaanza na ndugu watatu wenye masharubu, tukaingia kwa sherifu mlevi. Baba anacheka kabla ya kichekesho, anamwonya jambazi kabla hajageuka. Nikajisemea, mzee wangu huyu mzima kabisa, Mungu ashukuriwe.

Alasiri nikachomeka flashi yako. Farasi wa kijivu akatokea, mimi nikaenda jikoni kukinga ndoo chini ya lile tundu la paa na kukaanga mayai. Huko nyuma nasikia risasi, nasikia kwato, nasikia Baba anacheka. Nikarudi na sahani mbili.

Televisheni ilikuwa nyeusi. Sisemi picha iliyoganda, wala chenga. Nyeusi tii, sauti peke yake inaendelea. Na Baba ameinama mbele, mikono magotini, uso wote ameuelekeza kwenye lile giza, anatabasamu.

"Njoo uone," akaniambia. "Angalia vumbi hilo. Mwangalie farasi anavyoruka ua!"

Kofia, neno lilikuwa mdomoni: Fundi, picha! Mtu yule aliyekuwa hawezi kuvumilia sekunde mbili. Sijui ilikuwa imepotea muda gani, labda nusu saa, na ukumbi mzima ni mimi peke yangu na sahani zangu. Sikupiga mluzi. Nikakaa kando yake nikamuuliza, "Nini sasa, Baba?"

Akanisimulia. Yote. Rangi ya tandiko, kovu, kivuli cha yule mtu wa paani. Tuliangalia giza pamoja mpaka mwisho. Mwishoni hakuna maneno, ni upepo na muziki tu, na yeye akasema polepole: kaufikia mlango wake, kamfunga farasi, kanawa mikono, kakuta chakula kimefunikwa.

"Chakula gani, Baba?"

"Mayai," akasema. "Nasikia harufu yake."

Tangu hapo nimemchunguza. Chai anamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe. Chumba anakipita kwa kuhesabu hatua, ndiyo maana mwezi uliopita niliposogeza kochi alinigombeza siku mbili. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano namba tisa, mimi ninayeona mshono uliopinda toka ng'ambo ya barabara, sikuona. Nimejiona mjinga. Nadhani alitaka tuziangalie sinema zake kabla ukungu haujafunga kabisa, na ukungu ukamtangulia.

Kuna la pili. Jumapili mchana alipolala niliichomoa flashi, nikaifuta kwa pindo la gauni, nikairudisha, na picha ikaja. Nikautazama mwisho. Mdogo wangu, steringi anakufa. Anashuka kwenye farasi, anaegemea kile kisima kikavu, basi. Hakuna mlango wala chakula. Na mpishi wako aliapa kwamba haijakatwa popote. Baba aliutoa wapi ule mwisho wetu, na kwa nini?

La tatu ndilo kubwa. Zahanati wamebandika tangazo: madaktari wa macho watakuwa hospitali kuanzia tarehe 1 Julai, siku tano tu, wanapasua mtoto wa jicho. Nilipomsomea Baba akasema mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee, yeye bado. Nilipombana akasema wakiharibu, hata ule mwanga wa dirishani atakuwa hana. Na kama nawaza kufunga duka nimlee, atahamia kwa jirani. Hajui kwamba nimeyajua ya televisheni. Mimi amenizoea, nikisema ananiita Sherifu na kuinua mikono juu. Mwandikie wewe.

Dada yako,
Sherifu

*

Alhamisi, 20 Juni

Dada, msomee Baba hii ukiwa umekalia fimbo yake, asikimbie.

Baba, shikamoo.

Sherifu ameniambia ya televisheni. Usimgombeze, maana kwenye nyumba yetu kila mtu ameficha lake. Mimi niliandika kwamba ruhusa haipatikani. Ukweli ni kwamba sikuomba. Nilidhani unatafuta mtu wa kujaza kochi, nikaona aibu kumwambia meneja naacha tangi nakwenda kuangalia kauboi. Kwa hiyo tumetoka sare.

Sasa nataka kukuuliza la steringi. Barua ya Dada niliisoma mara tatu, kisha nikaacha kazi nikakaa kivulini, kwa sababu ule mwisho wa kisimani niliwahi kuuona.

Mwaka ule Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka siku moja Dada hakuwepo, nimekalia kopo, naona mtu ameegemea kisima, nikakuuliza, "Ataamka saa ngapi?" Nakumbuka baada ya hapo chakula kilikuwa hakipiti. Dada ananibembeleza, wewe unanibembeleza, kijiko kinakwenda na kurudi. Halafu Jumamosi iliyofuata yule yule akapanda kilima, taa zikawaka, watu wakashangilia, na wewe ukatuambia alikofika. Nikaamini kwamba ile ya kisima niliiota. Jioni ile nilikula sahani mbili. Nakumbuka kwa sababu Dada alilia, na mimi nikadhani nimemmalizia chake.

Hakikuungua kipande chochote. Ulikata, Baba. Ulikata sinema ya watu kwa ajili yangu.

Asante. Nimechelewa miaka thelathini na miwili kusema, lakini sikujua. Nimekulia kwenye ule mwisho wako. Kila nyumba niliyopanga, kila kambi niliyofika, nikifungua mlango huwa natupa jicho mezani kwanza, na sikuwahi kujua natafuta nini.

Jana nimeomba ruhusa. Meneja ameshangaa kwamba naweza kuomba. Nafika Jumamosi ya tarehe 29. Madaktari tutakwenda wote, mkono mmoja nitakushika mimi, wa pili Dada. Nataka unitazame wewe mwenyewe useme kama nimekonda au nimenenepa, Sherifu haaminiki kwa vipimo vya watu asiowashonea. Ukikataa, nitakaa sebuleni nifungulie ule mwisho wa kisima kwa sauti ya juu mpaka ukubali.

Mwanao,
Kofia

*

Jumapili, 23 Juni

Kwa mwanangu Kofia,

Dada yako anaandika tena, na safari hii ameniambia hatabadilisha neno. Hata nikikohoa ataandika.

Ni kweli nilikata. Kwa wembe wa kunyolea, nikaunga kwa gundi, nikakiweka kile kipande ndani ya soksi. Mji mzima ukawa unaangalia steringi wako asiyekufa, na hakuna aliyelalamika. Wanaume walikuwa wanapanda ngazi kuja kunishika mkono, kana kwamba nimemtibu mimi. Ikaenda hivyo wiki sita. Makopo yaliporudi kwa wenye sinema waliotukodisha, wakapima mkanda, wakaona umepungua. Mwenye ukumbi akanifukuza siku ile ile.

Ninyi niliwaambia ukumbi unapakwa rangi. Mlikaa miezi mkiniuliza kama rangi imekauka, mpaka siku moja mkaacha kuuliza. Kibanda cha kutengeneza redio nilikifungua hapo. Watu wamenionea huruma kwa kupoteza ile kazi, lakini sijawahi kujuta. Siku ile nakata sikuwaza kazi. Niliwaza kijiko chako.

Na ya televisheni nilijua. Dada yako tangu azaliwe hajawahi kuniuliza sinema inakwendaje, kila siku ananiambia ninyamaze. Alipouliza "Nini sasa, Baba?" nikajua picha haipo na nimekamatwa. Lakini alikaa. Akaniacha niseme. Nilijisikia kama niko tena kwenye chumba changu cha mashine, na kusema kweli sijapata kuangalia sinema nzuri kuliko ile. Asante, mama. Andika na hilo.

(Nimeandika. Karatasi imelowa kidogo, ni paa. Sherifu.)

Naogopa, Kofia. Nimeficha macho haya kwa sababu nilijua mkisikia mtaacha kazi zenu mje kunishika mkono, na sasa ndicho kinachotokea, na nimegundua ndicho nilichokuwa nakitaka. Nitakwenda. Ila Jumamosi na Jumapili kabla ya hapo tukae tena siku mbili bila kazi, mniwekee za kauboi zote. Zamu hii mnisimulie ninyi.

Njoo salama.

Baba yako,
Fundi

*

Jumapili, 14 Julai

Kofia mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu. Mistari inapanda mlima na kushuka, ivumilie, jicho ni moja na bado ni geni. Lile la pili madaktari wamesema watalipasua wakirudi.

Nataka nikwambie jambo nililolificha pale wodini kwa sababu kulikuwa na watu. Daktari alipofungua bandeji aliniuliza naona vidole vingapi. Sikuviangalia vidole vyake. Nilikuwa naangalia nyuma yake. Kulikuwa na mwanamke mwenye futi shingoni, analia, huyo nikamjua. Kando yake mwanamume mwenye mvi kote kichwani. Nikawaza, huyu mzee wa watu anamtafuta nani? Ndipo ukapiga mluzi na kupaza sauti, "Fundi, picha!" Wodi nzima ikageuka, muuguzi akakukemea, na mimi mkono wangu ukaenda kwenye swichi isiyokuwepo.

Barua zako zote zile, hukuandika hata mara moja kwamba umeota mvi. Hujakonda wala hujanenepa. Umefanana na mama yako, hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Jana ilikuwa Jumamosi. Dada yako alifunga duka bila mimi kusema. Alivaa lile gauni lake la kulalia, nikaliona limechakaa, nikamwambia fundi cherehani anashonewa na nani? Hakunijibu vizuri. Tukakaa. Nikaangalia farasi wa kijivu mpaka mwisho wa kweli, kisima na vyote, mara ya kwanza tangu niukate. Kipande kile kimepigwa kwa ustadi, haki yao niwape, aliyekuwa nyuma ya kamera alijua kazi. Lakini kama ni mimi, hata leo ningekata pale pale.

Tulipomaliza Sherifu alipakua chakula. Mkono wake bado una mazoea ya zile siku ulizokuwa hapa, akatoa sahani tatu. Nikamwambia, Kofia ameshaondoka. Akasema anajua. Akaijaza, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiacha mezani.

Na leo amefanya vile vile, wala si kwa kusahau. Iko pale, naiona kutoka hapa ninapoandikia. Ruhusa yako nyingine ni lini?

Baba yako,
Fundi